Shajara ya kugema mepo: msimu wetu wa pili Vermont

6 Oktoba

Leo nimehesabu miti. Majani ya mepo, miti ambayo maji yake tunayapika kuwa shira, yamegeuka mekundu na ya machungwa, na wiki hii ndiyo ya kuitambua miti yenyewe, maana mwezi ujao majani yote yatakuwa chini na mashina yatafanana. Mwaka jana niliingia msituni mwezi Machi, theluji imenifika magotini, nikatoboa mti nilioamini kabisa kuwa ni mepo. Ndoo ilikaa siku tatu bila tone. Mzee jirani yetu, ambaye amezaliwa hapahapa na amepika shira tangu utotoni, alikuja akauangalia, akapapasa gome lake, akaniambia huu ni ashi, mti mwingine kabisa. Ashi nao huchipua matawi mawili mawili yakitazamana, kama mepo, na ndiyo alama pekee niliyokuwa nikiijua wakati ule.

Basi safari hii nimezunguka na utepe wa rangi mbili. Bluu ni mepo ya sukari, nyekundu ni mepo nyekundu. Jani la mepo ya sukari lina ncha tano, ukingo wake ni laini, na kati ya ncha na ncha pamebonyea mviringo. Mepo nyekundu ina vimeno vidogo ukingoni, kama msumeno. Zote mbili zinagemwa, ila ya sukari ina maji matamu zaidi na huchelewa kuchipua, kwa hiyo msimu wake ni mrefu. Kando ya barabara ipo mepo moja ya Norwei: ukivunja kikonyo cha jani hutoa maziwa meupe. Hiyo nimeiacha bila utepe.

Kwa wanaosoma wakiwa nyumbani na hawajawahi kuiona kazi hii: mwisho wa majira ya baridi, mti wa mepo hutoa maji mepesi kama ya kunywa, yenye utamu kidogo sana. Ukiyachemsha mpaka karibu yote yaishe, hubaki shira ya rangi ya dhahabu au kahawia. Waabenaki, wenyeji wa ardhi hii, walikuwa wakipika sukari ya mepo kabla Wazungu hawajafika. Leo Quebec, upande wa Kanada, ndiyo inayotoa shira nyingi kuliko mahali pengine popote duniani, na katika Marekani Vermont ndiyo inayoongoza. Natumia neno kugema kwa sababu nimetoka Kilifi, na sijaona neno linalofaa zaidi.

Kipimo cha mti ni kamba. Mti usiofika sentimita 25 kwa upana haugemwi, yaani mzunguko wake usipungue sentimita 80, ukipima usawa wa kifua. Nimekata kamba ya urefu huo, na binti yangu ndiye aliyekuwa akiizungusha. Ncha zikikutana na kamba ikabaki, tunaupita mti huo. Kati ya mepo 23 zilizoko nyuma ya nyumba, 14 zimefaulu.

20 Oktoba

Kabla sijaendelea lazima niandike kilichotokea msimu uliopita, kwa sababu mradi wote wa mwaka huu umetokana nacho.

Tulitoboa mashimo 18. Tulikuwa na furaha na kila mtu alitaka mti wake. Hali ya hewa ikakaa sawa, usiku barafu, mchana jua, na wiki ya pili ya Machi maji yakaja yote kwa pamoja. Shimo moja siku nzuri linaweza kutoa lita nne, hata sita. Kila jioni tulikuwa tukibeba ndoo baada ya ndoo, na chombo chetu cha kupikia kilikuwa sufuria moja ndefu ya pilau juu ya jiko la gesi uani. Sufuria ile ilikuwa ikipunguza lita mbili kwa saa. Nilikesha siku tatu mfululizo huku naenda kazini asubuhi. Halafu joto likapanda ghafla mpaka nyuzi 14, na maji yaliyokuwa kwenye mapipa yakaanza kuwa na ukungu kama maji ya mchele. Siku ya pili yakawa yanateleza vidoleni. Tulimwaga lita 90.

Maji ya mepo yana sukari kiasi cha sehemu mbili kwa mia. Wapikaji wa huku wana kanuni moja rahisi: chukua 86, gawanya kwa asilimia ya sukari, utapata ni lita ngapi za maji zitakazotoa lita moja ya shira. Kwa asilimia mbili ni lita 43. Kwa hiyo lita 90 tulizomwaga zilikuwa zaidi ya lita mbili za shira, na msimu mzima sisi tulipata lita moja na nusu. Miti ilikuwa imetobolewa, imeumia, na kile ilichotoa tukakirudisha ardhini kimeoza. Hilo liliniuma kuliko usingizi niliokosa.

Mwaka huu naanza upande wa pili. Kwanza nijue ninaweza kuchemsha kiasi gani, halafu hesabu hiyo ndiyo iniambie nitoboe mashimo mangapi. Mke wangu ameandika kwenye karatasi iliyo kwenye friji: kuchemsha kwanza, mashimo baadaye.

3 Novemba

Kuni. Nimetumia wikendi mbili kwa kazi hii na bado sijamaliza.

Mzee jirani anasema kuni za shira zilipaswa kukatwa mwaka uliotangulia. Kwa vile sikufanya hivyo, nimenunua mabaki ya msonobari kutoka kiwanda cha mbao, vile vipande vya pembeni vyenye magome, vilivyokaa chini ya paa tangu majira ya kuchipua. Msonobari haupendwi kwa kupashia nyumba joto, lakini kwa kazi hii ni mzuri mno: unawaka haraka, unatoa miali mirefu, na miali ndiyo tunayoitaka chini ya trei za kupikia. Vyote navipasua viwe vyembamba kama kifundo cha mkono. Gogo nene hukaa linafuka moshi na chungu chako kinaacha kuchemka.

Rafiki mmoja alinipa fremu za mbao zile za kubebea mizigo. Nimezichambua moja moja nikitafuta muhuri. Zenye herufi HT zilikaushwa kwa joto tu, hizo nimezichana. Zenye MB zilipulizwa dawa ya methili bromidi, hizo nimezirudisha. Moshi wa kuni unapita juu ya chakula cha watoto, siwezi kubahatisha.

Mpaka leo rundo lina urefu wa mita tatu, kina cha sentimita 40, na kimo cha kifuani kwangu. Nimelifunika juu kwa turubai na kuacha pembeni wazi ili upepo upite.

24 Novemba

Jiko limesimama! Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo mradi ulipo.

Maji hutoka kama mvuke kupitia uso wa chombo. Sufuria yangu ya pilau ilikuwa na kina kizuri lakini uso mdogo, upana wa sentimita 36 tu. Nimepata trei tatu za chuma cha pua, zile ndefu ambazo mikahawa huwekea chakula cha moto, kila moja sentimita 53 kwa 33. Ukizipanga tatu kwa mstari, uso wake ni karibu mara tano ya ule wa sufuria. Jiko lenyewe nimelijenga kwa matofali ya simenti bila kuyaunganisha, kuta mbili ndefu, mlango mbele, na dohani nyuma. Ndani nimelizungushia matofali yanayohimili moto, kwa maana yale ya simenti hupasuka yakipata joto kali. Bomba la dohani ni la chuma kitupu. Nilipewa la bati lililopakwa zinki nikalikataa, zinki ikipata moto hutoa moshi wenye sumu.

Jumamosi iliyopita tulilijaribu kwa maji ya bomba. Lita 40, moto mkubwa, saa mkononi. Baada ya saa moja tulikuwa tumepunguza lita saba. Nilivunjika moyo kidogo. Trei ya mbele haikuchemka, ya nyuma ilichemka pembeni tu, na dohani ilikuwa inanguruma mpaka imekuwa nyekundu chini.

Mwenzangu wa Fizi, kule Kongo, alikuwapo. Yeye amekulia kwenye kupika mawese katika nusu pipa, na moto anaujua kwa macho. Alichuchumaa mlangoni, akatazama ndani muda mrefu, akasema, "Ndugu yangu, moto wako unakimbilia dohani. Hautembei chini ya trei. Upandishe chini huku nyuma, uubane, utalamba chuma."

Tulizima, tukangoja lipoe, tukamwaga ndoo sita za mchanga nyuma ya sehemu ya kuni, tukautengeneza kama kilima kinachopanda mpaka kubaki nafasi ya vidole vinne tu kati ya mchanga na trei. Juu ya mchanga tukapanga matofali. Leo tumewasha tena. Miali ilipita chini ya trei zote tatu kama maji kwenye mfereji, ikilamba, na baada ya dakika 12 trei zote zilikuwa zinatokota toka pembe hadi pembe. Lita 11 kwa saa. Nimepima mara mbili.

Kitu kingine tulichojifunza leo: ukimimina maji baridi kwenye trei, mchemko unakufa na huchukua dakika kadhaa kurudi. Kwa hiyo nimeweka sufuria ndogo ukingoni, karibu na dohani, maji yapate moto kwanza humo, halafu ndiyo tunayateka kwa upawa kidogo kidogo. Nitaitoboa sufuria hiyo tundu dogo chini, lidondoshe lenyewe kwenye trei.

Sasa hesabu. Lita 11 kwa saa. Nina Jumamosi nzima, na jioni moja katikati ya wiki yenye saa nne. Maji yakizikwa kwenye theluji hukaa vizuri siku tatu, si zaidi. Siku ya mavuno makubwa, mashimo 11 yanaweza kutoa lita 66, na hizo ni saa sita motoni. Mashimo 11, basi. Miti 14 imefaulu na tutagema 11, shimo moja kila mti, hata ile mitatu minene ambayo ingebeba mawili. Binti yangu ameuliza mitatu iliyobaki itafanya nini. Nimemwambia itapumzika.

15 Desemba

Theluji ya kwanza nzito. Nimempigia simu baba mdogo, Kilifi. Amegema minazi miaka yake yote, na sasa magoti hayampandishi tena, ila vijana bado humwita kuangalia karara, lile ganda la maua ya mnazi linalogemwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Na ile miti yenu ya barafu?"

Nikamweleza hesabu zangu. Akaniuliza tunakata mara ngapi kwa siku. Mgema wa mnazi hupanda asubuhi na jioni, na kila akipanda hukata kipande chembamba cha karara kwa kotama, kisu cha mgema, ili tembo, yaani maji ya mnazi, isizibe. Nikamwambia sisi tunatoboa mara moja tu, na tundu hilo haliguswi tena mpaka msimu uishe. Akashangaa. Akauliza utamu. Tembo tamu inaposhuka mtini ina sukari kama sehemu 15 kwa mia, nami nikamwambia yetu ni mbili. Alinyamaza nikadhani simu imekatika.

"Mwanangu, hayo ni maji."

"Ndiyo baba, karibu maji."

"Basi kazi yenu haiko mtini. Iko mekoni."

Hakuwahi kuona mepo maishani mwake, na amelijua jambo ambalo mimi lilinigharimu lita 90.

11 Januari

Vyombo. Baridi nje ni nyuzi 19 chini ya sifuri, kwa hiyo kazi ya leo imefanyika jikoni.

Ndoo 11 za plastiki ya chakula, kila moja na mfuniko. Nilikuwa nimepewa bure ndoo nyingine nne zilizowahi kuwekwa achari ya matango. Nimeziosha mara tatu kwa soda, bado zinanuka siki, na harufu ikishaingia kwenye plastiki huhamia kwenye maji ya mti. Nimeziweka kwa ajili ya majivu. Mzee jirani pia alinionyesha ndoo zake za zamani za bati, nzuri kwa macho, lakini yeye mwenyewe hazitumii tena: viungo vyake viliunganishwa kwa risasi.

Vibomba vya kuchomeka kwenye matundu ni vipya, vya plastiki, vya milimita 8. Vya zamani vilikuwa vya milimita 11. Tundu dogo hutoa karibu kiasi kilekile na mti huliziba upesi zaidi. Kununua vipya kila mwaka si anasa. Bakteria wa msimu uliopita hubaki ndani ya kibomba, na hao ndio wanaoufanya mti uzibe tundu mapema.

Ndoo na mirija nimeisafisha kwa maji ya moto na brashi tu. Mwaka jana nilitumia dawa ya klorini, na kuchakulo wakaitafuna mirija yote. Nimekuja kuelewa kwamba dawa ile huacha chumvichumvi, na kuchakulo wa msitu huu wakati wa baridi wanaitamani chumvi kuliko kitu chochote.

26 Januari

Jana na leo joto limepanda mpaka nyuzi sita. Theluji inadondoka kutoka paani, na watu wawili wameniambia wameshatoboa. Karibu kila mwaka kuna joto kama hili mwezi Januari, na wazee wanasema siku hizi linakuja mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Nilitoka kuangalia miti. Kwenye mepo ya saba, tawi moja limevunjwa na uzito wa theluji, na kwenye jeraha lake kulikuwa kumening'inia kijiti cha barafu kirefu kama kalamu. Nilikivunja nikakitia mdomoni. Mwanzo ni baridi tu, meno yanauma. Halafu, barafu ikiyeyuka juu ya ulimi, unakuja utamu mdogo sana, wa mbali, kama maji uliyosuuzia kikombe cha chai ya sukari. Nilisimama pale mpaka kikaisha. Nilimvunjia binti yangu kingine, akafumba macho akakinyonya bila kusema neno.

Ninavyoelewa, mti unafanya hivi. Ndani ya mbao ya mepo kuna nyuzi zilizojaa hewa, zikizunguka mirija ya maji. Usiku kunapoganda, hewa ile husinyaa, maji yanavutwa na kugeuka barafu ndani ya nyuzi hizo, na mizizi inaendelea kuvuta mengine kutoka ardhini. Mchana barafu inayeyuka, hewa iliyobanwa inatanuka, na maji yanasukumwa nje kupitia tundu lolote litakalopatikana. Bila usiku wa barafu hakuna mchana wa maji. Ndiyo maana mnazi unaweza kugemwa mwaka mzima na mepo una wiki chache tu.

Mkono uliniwasha kuchukua keekee. Sikuichukua. Tundu likishafunguliwa lina wiki sita, pengine nane, kabla halijakauka. Nikilifungua leo kwa ajili ya siku mbili za joto, litakuwa limekufa katikati ya Machi, wakati ule ule maji yanapokuja kwa wingi. Kwa mwenye mashimo 11 na Jumamosi moja, kungoja ni sawa. Mwenye mashimo elfu na mashine za kuvuta ana hesabu nyingine, na simlaumu.

8 Februari

Leo nimejaribu kipimajoto. Shira imeiva inapochemka nyuzi nne za Selsiasi juu ya kiwango maji yanapochemkia, na maji hayachemki kwa nyuzi 100 kila mahali wala kila siku. Hapa kwetu mlimani, leo yamechemka kwa 99. Siku ya kupika nitachemsha maji matupu kwanza, niandike namba, niongeze nne. Nina haidromita pia, ile ya kioo inayoelea na kupima sukari. Sheria ya Vermont inataka shira ya kuuza isipungue sukari 66.9 kwa mia. Sisi hatuuzi, lakini shira nyepesi huota ukungu chupani, na nzito kupita kiasi hugeuka mawe ya sukari chini. Ni vizuri kuipata palepale.

Mke wangu anapika kaimati tangu akiwa msichana Mombasa, na shira yake huipima kwa vidole viwili: ikivuta uzi, imeshika. Tukajaribu kwa sukari ya dukani, tukaweka kipimajoto pembeni. Uzi wake ulikuja juu kabisa ya ile namba yangu, yaani shira ya kaimati ni nzito kuliko ya mepo. Wazee wa huku wana njia yao: wanainua upawa na kuangalia tone la mwisho. Likidondoka kama maji, bado. Matone mawili yakiungana ukingoni yakatelemka kama kitambaa kidogo, imeiva. Tumeifanya mara sita leo mpaka macho yetu sote wawili yakakubaliana. Kisha tukala kaimati.

Pia tumeshona kichujio. Shira ikikaribia kuiva huzaa unga mzito wa madini, watu wa huku huuita mchanga wa sukari, na bila kitambaa kizito chupa inabaki na tope. Kitambaa cha sufu, na ndani yake kimoja chepesi cha kubadilisha. Sharti ichujwe ingali ya moto sana, na iingie chupani ikiwa zaidi ya nyuzi 82 ili isioze.

22 Februari

Usiku nyuzi 12 chini ya sifuri, mchana mbili chini. Bado. Kuni kavu, jiko limefunikwa. Mwenzangu wa Fizi ameomba likizo ya Jumamosi zote za Machi kwa mwajiri wake na amezipata.

1 Machi

Utabiri wa siku tano: usiku minus tano, mchana nyuzi sita, mfululizo. Jumanne ijayo ndiyo siku ya mikutano ya vijiji Vermont nzima, Jumanne ya kwanza ya Machi, na wazee walikuwa wakitoboa karibu na siku hiyo. Tumetoboa leo.

Saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Mti wa kwanza. Nimetafuta kovu la mwaka jana: liko upande wa mashariki, limeanza kuzingirwa na gome jipya lakini katikati bado kuna giza. Mti wa mepo hauponyi tundu. Unaliwekea ukuta, unaacha mbao iliyoguswa, juu na chini ya kovu, ife, na unaendelea kukua nje yake. Kwa hiyo tumesogea zaidi ya shibiri moja pembeni na juu kidogo. Mwenzangu alishika keekee, mimi nikasimama nyuma kuangalia kwamba biti, ile ncha ya kutobolea, inainama kidogo, maji yatelemke nje. Nilikuwa nimeifunga utepe mwekundu sentimita nne kutoka nchani. Utepe ulipogusa gome, akaacha.

Unga uliotoka ulikuwa mweupe kama wa muhogo, wenye unyevu, ukinata kwenye glavu. Alipoichomoa biti, tundu lilikaa likavu kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha ukingo wake wa chini ukaanza kung'aa. Tone likajikusanya, likanenepa, likakatika. Binti yangu akaweka kidole. Nikatia kibomba na kukigonga kwa nyundo ndogo, mara tatu, mpaka sauti ikabadilika kutoka kwenye mlio wa plastiki kuwa mlio mzito wa mbao. Ukisikia sauti hiyo acha, ukigonga tena unaupasua mti.

Mti wa tisa ulitoa unga wa kahawia. Tumegonga mbao iliyokufa, labda tawi lililokatika zamani kabla yetu. Hapo hakutatoka kitu. Mwenzangu aliuliza tutoboe upande wa pili, nafasi ipo. Tumekubaliana tusiutoboe. Una jeraha moja bure tayari. Tumefunga utepe wa njano na kuandika mahali pake kwenye daftari, na mwaka huu tuna mashimo 10.

Saa kumi na moja jioni tumezunguka na ndoo kubwa. Mti wa kwanza lita tatu na nusu. Wa pili mbili. Wa tano, ule unaotazama kusini bila kivuli, karibu lita tano. Jumla lita 27. Haidromita ya maji mabichi inasoma 2.3, na 86 gawanya kwa 2.3 ni kama 37. Tumeyazika mapipa kwenye theluji upande wa kaskazini wa nyumba, mfuniko umebanwa kwa jiwe. Nimempigia baba mdogo nikamtajia namba hiyo, 2.3.

"Imepanda," akasema.

Kuni za kwanza zimeshapangwa ndani ya jiko, chini gome la mti wa bechi la kuwashia, juu msonobari. Kesho tunawasha saa moja asubuhi.